Nywele za Pektini

Paskalina mpwa wangu, marahaba. Najua ungekuwa umeshanisalimia.

Tangu tukuzike, mtaalamu wa kuta za mimea wilaya nzima ya Mbulu nimebaki mimi peke yangu. Bwana shamba akiniona anashuka kwenye pikipiki, anauliza. Namjibu.

Lakini situlii. Nakaa, nainuka, naenda kuangalia ng'ombe ambao wala hawajaniita. Ni mama yako. Jumapili, baada ya ibada ya kukukumbuka, aliniuliza mbele ya watu, "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye. Mwanangu alikuwa anasoma nini hasa?" Miaka yote ya chuo alikuombea, na hakujua anaombea kitu gani.

Nikaagiza sufuria mbili za maharage yale ya zamani, moja na magadi ya ziwa Balangida, nyingine bila. Watu walijaa hadi barabarani, utadhani imeshuka helikopta. Nikawaeleza kama ulivyonieleza: ukuta wa seli ni ukuta wa nyumba ya tembe. Fito ni selulosi, udongo unaozishika ni pektini. Na pektini ni mnyororo mrefu wa sukari chachu. Pale ulipo laini, bila matawi, minyororo miwili inashikana mikono, kalsiamu inaifunga. Harage likikaa sana ghalani, mikono inakaza. Magadi yanaiachanisha.

Tulipofunua, ya magadi yalipondeka kwa ulimi. Yale mengine ungempiga nayo nyani wa Yaeda Chini akazimia. Mama yako akabonyeza moja, akabonyeza jingine. "Kumbe alikuwa anasoma chungu changu," akasema. Akacheka, Paskalina. Mara ya kwanza tangu msiba.

Ningenyamaza hapo. Lakini nikaongeza kwamba sehemu nyingine ya mnyororo ina matawi, kama nywele. Akauliza, za nini? Nikasema, za kuzuia baridi.

Sasa mama yako anazunguka Nambis nzima akisimulia, kanisani, bombani, kwamba mwanawe aligundua maharage yana nywele za baridi. Nikipita ananionyesha kidole: shahidi huyo.

Pumzika, mwanangu. Mwenzako wa chuo aliyeleta vitabu vyako nitampigia, anifundishe, kisha nitakaa na mama yako nimweleze kazi yako ilivyo kweli. Hiyo ni ahadi.

Na usinicheke. Siku ile uliponifundisha jikoni, ulipofika kwenye nywele, nilikuwa nimeshasinzia. Ile "ehee, ehee" ilikuwa ya usingizini.

Mjomba wako