Nimekubali kugharimia sherehe ya mtaa, na kibanda cha mke wangu ndicho rehani

Bi Casilda, kabla sijakulilia shida zangu nakuarifu kwamba hapa El Alto hujawahi kuandikiwa na mtu mwenye bahati kama mimi. Mwezi wa kwanza sokoni Alasitas, tunakonunua vidude vya kile tunachotamani ili mwaka utuletee chenyewe, nilinunua kilori cha bati cha kutoshea kiganjani, mganga akakifukiza na kukimwagia pombe, na mwezi wa nane haujaisha nilikuwa naendesha lori la kweli, jekundu, magurudumu kumi, na mtaa mzima ukaanza kuniita Don Gumercindo badala ya Gume, hata wale ambao zamani wakiniona walikuwa wanavuka barabara.

Sasa heshima hiyo ndiyo iliyoniponza, maana kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu wanakamati walinijia na ule mkate wa duara, mkubwa kama usukani, anaokabidhiwa preste, yaani atakayegharimia sherehe ya mwaka unaofuata, bendi, bia, nyama, kila kitu, na mimi nilikuwa nimeshakunywa, na jirani yangu Demetrio akapiga kelele, "Mpeni Don Gume! Mwenye lori atashindwaje na bendi?" mwingine akadakia, "Labda lori linamla yeye!" watu wakacheka, basi nikaunyakua mkate, nikaung'ata mbele ya kila mtu, nikatangaza kwamba bendi zitakuwa mbili, na mke wangu Nieves akaninong'oneza, "Wewe mwanaume, bendi mbili utazilipa na nini, na masharubu?" nikamwambia, "Tulia mama, nina mipango."

Mipango yenyewe ni hii: kuna bwana mmoja anakopesha boliviano elfu arobaini kwa riba ya asilimia tatu tu kwa mwezi, tatu, Bi Casilda, hata mtoto anailipa, anachotaka ni hati ya kibanda cha Nieves, anakouza sketi na mashali huu mwaka wa kumi na tisa, na hati iko chini ya godoro, na sahihi yake naiweza. Halafu siku ya sherehe wageni wataleta kreti za bia kwa desturi yetu ya ayni, nimepiga hesabu hazipungui mia mbili, bure kabisa, nitauza zitakazobaki, nilipe deni na chenji nibaki nayo.

Jumatatu napeleka hati. Lakini wiki ya tatu hii Nieves anapika supu naitazama tu, anauliza, "Umelogwa?" Naomba uniambie niko sawa nipate kulala.

Na lile lori, nisikudanganye, si langu. Ni la tajiri mmoja wa Oruro. Mimi ni dereva, elfu tatu kwa mwezi.

Gumercindo, G., El Alto


Gumercindo,

Usingizi sikupi. Bora ukeshe.

Chukua kalamu. Asilimia tatu ya elfu arobaini ni elfu moja na mia mbili, kila mwezi, na hiyo ni riba peke yake. Kwa mshahara wako mtakula elfu moja na mia nane. Mwaka ukiisha utakuwa umemlipa huyo bwana elfu kumi na nne na mia nne, na deni bado ni elfu arobaini, halijakonda hata kidogo. Ni mtoto gani huyo anayeilipa? Nitajie jina nimkope.

Tuje kwenye bia. Hivi wewe umekulia wapi? Kreti ya ayni inaandikwa daftarini na jina la aliyeileta, na siku mwanawe akioa au akiezeka nyumba, unampelekea kreti yake. Bure iko wapi? Watu mia mbili watakuwa wamekukopesha kwa mpigo. Na bia yenyewe inanyweka palepale. Utauza nini, povu?

Kuiga sahihi ya mkeo si mipango, ni wizi. Najua kuitwa Don baada ya maisha mazima ya kuitwa Gume ni kutamu, na sikucheki kwa hilo. Lakini anayelipia utamu huo ni mwanamke aliyekaa kwenye baridi ya soko miaka kumi na tisa.

Leo, kabla ya chakula, toa hati chini ya godoro umkabidhi Nieves mkononi. Yeye ndiye mwenye hesabu nyumbani kwenu. Mwombe akufundishe kuandika kinachoingia na kinachotoka, na kila siku ya mshahara mpe mia mbili akaweke kwenye chama cha akiba kwa jina lake. Jumapili nendeni wawili kwa kamati, useme lori si lako, bendi ni moja, na mnatafuta familia tatu za kugawana gharama. Anza na Demetrio, maana ana sauti kubwa.

Ukishindwa pa kuanzia, msomee Nieves barua yako yote, pamoja na pale pa sahihi. Akikurushia kiatu, usikikwepe.

Casilda