Ukungu Kwenye Gari la Bi Zuleha

Zinga, Bagamoyo
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na nimeanza na hilo makusudi ili usisome barua yote moyo ukikwenda mbio. Hafidha mzima, watoto wazima, na paa la jikoni lililokuwa likivuja limekwisha kuzibwa. Na wewe je? Goti linakuruhusu kupanda ngazi za nyuma? Yule paka wa jirani bado anaingia kwako bila hodi? Nilisikia umeacha kula mhogo jioni kwa sababu ya tumbo. Natumaini limetulia.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Ni kwa sababu simu yako unaiweka spika, kuiondoa hujui, na nikikupigia hujibu peke yako, hujibu pamoja na yule jirani wa dirisha la pili. Haya ninayotaka kukueleza ni yako kwanza. Nimempa Abuu, anayekuja huko kumtazama mkwe wake, akukabidhi mkononi.

Habari yenyewe inahusu macho yangu. Tangu mwezi wa Rajabu nilikuwa na hofu kwamba yananipata yaliyompata Baba. Sikukwambia. Leo nakueleza yote, tangu ilipoanza.

Kuhusu kazi yangu, watu husema naosha magari, nami sikatai, kwa kuwa kuosha ndiko kunakotangulia. Lakini wateja wananifuata kwa ajili ya polishi. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, sisi mafundi tunaliita klia. Huku kwetu chumvi ya bahari hulitafuna, na wenyewe humalizia kwa dodoki na sabuni ya unga, mpaka gari jeusi linakuwa na michirizi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mimi hupitisha mashine na dawa, nikapunguza klia kidogo sana hadi michirizi iishe na mng'ao urudi. Nikizidisha, klia inakwisha, na hapo hakuna njia ila gari kupigwa rangi upya. Kwa hiyo kila baada ya muda nasimamisha mashine, nawasha taa na kukagua. Nina tabia ya kufumba jicho la kushoto ninapokagua, kama mtu anayelenga manati. Tabia hiyo ndiyo iliyonipotosha.

Bi Zuleha ni mteja wangu wa siku nyingi. Hununua mananasi Kiwangwa na kuyapeleka Dar, na ana gari jeusi ambalo hata mumewe haruhusiwi kuliegemea. Aliniletea wiki ya harusi ya binti yake, akitaka liwe safi siku ya kupokea wageni. Nikaliosha, nikaliondoa chumvi, nikapiga polishi boneti na milango. Nilipowasha taa nikaona ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nikapiga tena. Ukungu upo. Nikabadilisha sponji, nikabadilisha dawa, kisha nikampigia muuzaji wangu wa Kariakoo kumshutumu kwamba ameniuzia dawa iliyochakachuliwa. Alinijibu kwa adabu kwamba dawa hiyohiyo wameichukua mafundi wengi na hakuna aliyelalamika. Nikakata simu nikiamini ni mwongo.

Bi Zuleha akapiga kuulizia gari, nikamwambia kesho. Akapiga tena, nikamwambia kesho. Safari ya tatu akaniuliza kama gari amelileta lipigwe polishi au lichunwe ngozi, maana hata bibi harusi wake aliyewekwa ndani akipakwa singo hajasuguliwa kiasi hicho.

Banda la pili yuko Hieronimo, mpiga rangi magari, mtani wangu tangu nihamie hapa. Alisikia mashine haizimi, akaja. Akalizunguka gari, akasema haoni kitu. Nikamwambia mpiga rangi ataonaje ukungu wakati kutwa anaishi ndani yake. Akacheka, akasema watu wa Pangani tukikosa kasoro kwenye gari huitafuta kwenye jua. Kisha akaweka kwenye boneti kile kifaa chake kidogo cha kupimia unene wa rangi, akaacha kucheka. Aliniambia kwamba klia iliyobaki inatosha, lakini nikirudia mara moja tu pale pale, Bi Zuleha ataondoka na gari lenye madoa, na mimi nitaondoka Zinga. Nikamwambia nimekuelewa, bwana. Alipogeuka tu, nikachomeka mashine tena.

Nilikuwa nimeishika mkononi, sijaishusha, Bi Zuleha alipoteremka kwenye bodaboda. Nikaanza kumweleza habari za ukungu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akainama, akatoa wanja kwenye mkoba na kuanza kujipaka, akijitazama kwenye rangi ya mlango. Akapaka jicho moja, akahamia la pili, taratibu, kama yuko chumbani kwake. Na kope amezivuta vile vile akaniuliza ukungu uko wapi, mwanangu, mbona yeye anaziona mpaka mvi alizomficha mumewe.

Nilisimama nyuma yake, nikafumba jicho la kushoto kama kawaida yangu. Mlangoni niliona wingu, na ndani ya wingu kivuli kinasogeza mkono. Nikafumbua la kushoto na kufumba la kulia. Nikamwona Bi Zuleha kamili: wanja, pini ya mtandio, na mimi nyuma yake nimeachama.

Nikachomoa mashine ukutani, nikampa funguo. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo, nikamkumbuka Baba. Wewe unakumbuka kuliko mimi. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango akamlaumu seremala. Akampita Mzee Medard barabarani bila salamu, akasema Medard siku hizi anatembea kwa kunyata. Tulipomfikisha hospitali wakatwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mimi nami nilikuwa nimelaumu sponji, dawa, na mtu wa watu wa Kariakoo.

Yaliyofuata hapo nitayaeleza mwishoni, kwa kuwa ndiyo magumu kuyaandika. Itoshe kwamba sikwenda hospitali. Nilikaa na jambo hilo Rajabu yote na nusu ya Shaabani, mpaka Hafidha aliponigundua na kunipeleka kwenye kliniki ya macho Dar.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchache wa maneno. Alinitia matone, akaniweka kidevu kwenye chombo, akapima jicho la kulia, akapima la kushoto, akaandika. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtolea kichupa cha matone ninachonunua duka la dawa, kwa sababu vumbi la polishi huniwasha macho. Alisoma maandishi yake, akakitupa kwenye ndoo ya taka mbele yangu. Alisema dawa ya namna ile, mtu akijitilia muda mrefu bila kuandikiwa, inaweza kuleta mtoto wa jicho, na hata kupandisha presha ya jicho. Kisha akasema presha yangu ni ya kawaida, macho yote mawili, na mshipa wa ndani mzima. Nilichonacho ni mtoto wa jicho, la kulia amekomaa, la kushoto ndiyo kwanza anaanza. Anatolewa.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, Hafidha akanivuta shati na kuniambia nimwache daktari wa watu, nje kuna foleni.

Ile siku uliyopiga simu kuulizia tende za Ramadhani, Hafidha akakwambia nimekwenda Dar kununua vifaa vya kazi, nilikuwa nimelala kliniki, jicho la kulia limefungwa. Msamehe, nilimtuma mimi. Kesho yake wakafungua bandeji. Ukuta niliouona siku moja kabla ukiwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, ulikuwa mweupe kabisa. Nikautazama vizuri, nikamwambia Hafidha fundi aliyeupaka hakuipiga msasa kona ile, ameacha mikwaruzo. Hafidha akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akanitukana.

Sasa yale niliyoyaacha nyuma.

Mama, katika zile wiki nilizokaa kimya, nilikuwa najifunza upofu. Banda likiwa halina mteja nilijifunga kitambaa machoni, nikavaa mfuko wa nailoni mkononi, kwa kuwa kupitia nailoni vidole huhisi chembe ya chumvi ambayo ngozi tupu haiihisi. Nilitaka kujua fundi asiyeona anabakiwa na kazi gani. Kuosha niliweza. Kuondoa chumvi niliweza, pengine vizuri kuliko kwa macho. Polishi sikuweza, na hilo likanipa jibu. Nyumbani nilipima hatua za kutoka chumbani mpaka uani. Nikajifunza kumimina chai nimefumba macho, kidole kimepachikwa kwenye ukingo wa kikombe, kama alivyokuwa akifanya Baba. Hafidha aliingia akanikuta hivyo. Yeye alimhudumia Baba mwaka ule mlipokaa kwetu, kidole kile anakijua. Alikaa akanywa ile chai. Asubuhi akavaa baibui, akaniambia nichague: twende wote kliniki, au yeye apande basi aje Pangani akwambie. Nikavaa viatu.

Sikwenda mapema kwa sababu nilidhani najua watakalosema. Sikuwa najua chochote.

Nimekuandikia haya kwa ajili ya Shadya. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa wa Baba hutembea katika damu, na kwamba mimi kukutwa salama si dhamana ya ndugu yangu. Kila mtoto wa Baba apimwe, na arudie kila mwaka, hata kama anaona sindano gizani, kwa kuwa unapoanza hauumi wala hauonyeshi dalili. Ukiwahiwa, ipo dawa ya kuhifadhi macho yaliyopo. Baba alichelewa. Nimempigia Shadya, akanijibu kwamba anaona vizuri na ana shughuli nyingi. Nikampigia tena, akanipa mwanawe niongee naye. Majibu hayo nayajua. Nilikuwa nayo mimi, yote mawili.

Sina uwezo naye kwa simu, wewe unao. Msomee barua hii, pamoja na habari za kikombe. Mwambie wanakutia matone yanayofanya jicho life ganzi, wanakwambia utazame mbele usipepese, kifaa kinagusa, na kabla hujamaliza kuogopa wamekwisha. Abuu anarudi Alhamisi. Apande naye, nami nitakuwa Msata kabla basi halijafika. Kliniki tumeshawaambia. Asiposhuka Msata siku hiyo, nitapanda basi la kuja huko nimfuate, na atanipikia chakula cha usiku kwa usumbufu.

Jicho langu la kushoto litafanywa baada ya Idi ya Hija. Ukitaka kuja, njoo, lakini si kwa uuguzi. Wajukuu wako wamejifunza kuogelea na wanataka mtu wa kumwonyesha.

Hafidha anakuamkia, watoto wanakuamkia, Hieronimo naye kasema nikuandikie kwamba mwanao hasikii la mtu. Nisalimie majirani wote, hasa wa dirisha la pili. Mungu akupe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi mwanao,
Bwanaheri