Aliyechukua Kiande cha Makongeni

Baba Nyokabi,

Ni mimi. Nimekaa kwenye kiti chako cha barazani, kile ulichowakataza watoto, na sijaomba ruhusa. Jua la Mugutha limenifikia magotini. Likisogea kidogo litazibwa na ghorofa ya jirani. Tangu uondoke amepandisha nyumba ya wapangaji, na sasa soksi zao hutuchungulia tukinywa chai. Mparachichi wako wameukata lile tawi la upande wa ua. Ungegomba. Niligomba kwa niaba yako, wakaniletea chapati, nikanyamaza.

Mwandiko unayumba, utanisamehe. Daktari wa Ruiru amesema moyo umechoka, na alipokuwa akisema alimtazama Nyokabi badala yangu, kwa hiyo nimeelewa. Siogopi. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote, najua mtu afanyavyo akiona muda unakwisha. Hurudi kwenye swali aliloliruka. Mimi nililiruka moja tu.

Nimesoma riwaya yako yote. Ni nzuri, na hapo nasema kama mwalimu, si kama mke. Makongeni ya Thika, ile ya ujana wetu, imo: nyumba za wafanyakazi, king'ora cha kiwanda, wanawake wakisukumana bombani. Na kisa ni kile kile kilichokupata wewe. Karani kijana amekuja kuoa. Wazee wameketi, kisu kiko mkononi, anangoja kukata kiande, lile bega la mbuzi ambalo kwetu Wakikuyu bila kulikata na kumlisha bibi harusi hakuna ndoa. Na bega halipo. Limetoweka jikoni mchana kweupe.

Lakini sura ya mwisho hukuiandika. Uliacha mstari mmoja tu: "Hii iandikwe na anayeijua." Nyokabi anasema ulimaanisha Mungu. Yeye amempata mtu wa kuchapa pale Thika, anataka kila mgeni apewe nakala Jumamosi, maana Jumamosi ni zamu ya mjukuu wetu Wambui kukatiwa kiande. Na Wambui hana subira ya Mungu. "Shosho, kwani hapo kuna siri gani? Si ni yule Gitau mchoma nyama! Hata jina analo. Tumwandike tu, tumalize."

Ndiyo, jina analo. Gitau Kiande. Unakumbuka alivyokuwa fundi wa moto, mbuzi wake hata wazee wasio na meno waliutafuna mfupa. Tangu siku ile hakuitwa tena kuchoma nyama ya sherehe yoyote. Watoto wa mtaa walimpigia kelele, "Gitau, umetubakishia mfupa?" naye akacheka pamoja nao. Amecheka hivyo mpaka amezeeka.

Si Gitau. Ni mimi.

Unajua Njoki, aliyekuwa aolewe nawe, alikuwa rafiki yangu tangu shule. Asubuhi ile, wanawake wakimvisha, alinishika kifundo cha mkono akaniminya mpaka nikaumia. "Yule karani si mtu mbaya, lakini simtaki. Fanya kitu." Moyo wake ulikuwa kwa kijana wa reli kule Ruiru, na baba yake hakutaka kusikia hilo jina. Wewe sikukujua. Nilikuwa nimekuona mara moja, nikawaza kwamba una masikio makubwa.

Mimi nilikuwa wa kupakua mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi uliopondwa. Gitau alileta bega kutoka motoni, akalifunika kwa jani la mgomba, akatoka kutafuta chumvi. Nililichukua kwa mikono miwili, likaniunguza, nikalizamisha ndani ya sufuria ya mukimo mpaka chini kabisa. Juu nikasawazisha kwa mwiko kama fundi anayepiga lipu. Kisha nikaendelea kupakua.

Walipekua kila mahali. Uvunguni, kwenye gunia la makaa, mbwa wa watu akapigwa bure. Mjomba wa Njoki alikimwaga kiondo changu chote, akaokota kitana. Sufuria hakuna aliyeifikiria, kwa sababu wote walikuwa wanakula kutoka ndani yake. Nilipakua kwa pembeni, polepole, nisifike chini, nikiwaambia wageni wasukumane kwa adabu. Hata wewe nilikupakulia, bwana harusi asiye na mke. Ukala. Ukaomba uongezwe.

Mmoja akasema achinjwe mbuzi mwingine. Wazee wakakataa. Nyama ikipotea siku kama hiyo, walisema, kuna jambo inasema, twendeni nyumbani tusikilize. Hicho ndicho tulichohitaji, na sufuria niliiosha mwenyewe. Kabla hamjarudi, Njoki alikuwa amemwambia mama yake, mama amemwambia baba, na kijana wa Ruiru ameleta wazee wake. Njoki aliishi na mume wake kwa furaha mpaka uzeeni, wewe mwenyewe ulikula Krismasi kwao. Kwa hiyo kuiba kule sikujutii. Ningeiba tena.

Kisha ukaja shuleni kwangu na baiskeli. "Mwalimu, wewe ulikuwa jikoni. Uliona nini?" Jumamosi iliyofuata ukawa na swali jingine. Ukaja na miwa. Mvua za masika zilipoanza maswali yalikuwa yamekwisha, nami nikaogopa kwamba hutakuwa na sababu ya kuja, nikakutungia mtu mwenye kofia nyeusi aliyepita nyuma ya jiko. Naona kitabuni amekula sura mbili nzima. Nisamehe hiyo kofia.

Halafu maisha yote, kila nikipika mukimo: "Ni mzuri, Mama Nyokabi, lakini si kama ule wa Makongeni." Nilidhani unanichokoza. Nilikutilia mbaazi, nikakutilia njahi, nikajaribu majani ya malenge. "Mzuri. Lakini si ule."

Juzi nimefika pale mpelelezi wa riwaya yako anapohoji kila mtu, hadi mwenye mbwa, ila msichana wa mukimo hamhoji. Unamwacha apite. Umeandika tu kwamba mukimo wake ulinukia mafuta ya nyama iliyochomwa.

Nikaziweka karatasi chini.

Ulijua! Ulijua tangu sahani ya kwanza. Jumamosi zote zile, na matope yale ya Thika, ulikuwa unakuja kuniuliza kuhusu kitu ulichokila. Nilicheka mpaka Nyokabi akaja mbio na dawa.

Lakini kicheko kilipoisha nilikukasirikia, na nimekukasirikia hadi leo, nakwambia waziwazi kwa kuwa huwezi kutoka nje kwenda kukagua mparachichi. Siri yetu ilikuwa tamu kwetu sisi wawili. Gitau ndiye aliyeibeba. Tulikutana naye sokoni, tukamsalimia, tukamwacha na jina lile. Mimi kwa hofu ya wazee, kisha kwa aibu, kisha kwa mazoea. Wewe kwa ajili yangu. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayotosha.

Jana nilimwambia Nyokabi anipeleke Makongeni. Gitau alikuwa nje ya nyumba yake, anaota jua kama mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nimeshika fimbo. Kisha akauliza, "Chini ya mukimo?"

"Chini ya mukimo."

"Na mimi nilikula sahani mbili!" Akacheka, kicheko kile kile, halafu kikakatika katikati. "Mke wangu alikufa akidhani ni mimi, Mama Nyokabi."

Niliketi kando yake, fimbo mapajani. Nyokabi akalia peke yake kwa ajili yetu sote.

Mwishowe nikamwomba aje Jumamosi, amchomee Wambui kiande. "Wataniamini na nyama?" Nikamwambia nitasimama kabla ya kisu kutolewa, niwaambie wageni wote ni nani. Alinitazama sana, kama anayepima kama nitafika hiyo Jumamosi. Kisha akasema, "Basi huyo mbuzi asiwe mzee. Wazee tumetosha."

Leo asubuhi nimeandika sura yako ya mwisho. Ina jina langu lote, hata lile la ubatizo. Nyokabi ameipeleka Thika, kwa hiyo hata moyo ukikataa, sura itasimama badala yangu na Gitau atachoma nyama. Hilo nimemwapisha Wambui, naye amelia, akasema, "Shosho, kumbe wewe ni mwizi," akanibusu kipajini.

Ila nakuahidi nitafika. Nimeshachagua hata leso.

Lala salama, mpelelezi wangu mwenye masikio makubwa. Baada ya Jumamosi sina haraka, lakini pia sitachelewa. Nikija nitakuletea sahani. Usiniulize lolote. Chimba tu kwa kijiko mpaka chini.

Wako,
Mama Nyokabi