Muguu Moja Pale Mboko

Baraka, siku ya yenga, nikitoka misa

Leki yangu, mudogo wangu Dieumerci,

Nakusalimia sana, wewe na muchumba wako Merveille. Muguu wako unaendeleaje na hizi mvua? Huku tuko salama. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na kila muntu, kwa hiyo iko muzima.

Barua yako ya ndoa ilifika. Mama alicheka pale unapodai samaki ndagala ya Baraka tu, si ya pengine. Nikakumbuka kamio letu la buluu, sisi wawili mbele, wewe kichwa dirishani ukiita abiria tangu Baraka mpaka Mboko, hata sauti inakauka, mama Arlette wa sokoni anakupa muhogo wa kuchoma. Leki, siku zile ninazitamani sana.

Juma lililopita, pale pale Mboko, bapolisi balinisimamisha. Siku hizi banapima bashofere kama bamevuta bangi. Balinipa kijiti chenye pamba nikiweke chini ya ulimi. Tukingojea majibu, bakaniambia nisimame kwa muguu moja mpaka bahesabu makumi tatu. Bamama ba sokoni bakacheka kuona muzee muzima amesimama kama kuku wa mvua. Mimi nilikuwaza wewe, unayeegemea muguu moja kila siku.

Kijiti kilionyesha niko safi. Mukubwa wao akanishika mukono, akanisifu mbele ya bantu. Nilirudi ndani ya kamio nikashindwa kuliwasha, haya imenijaa.

Uliandika kwamba fundi Eugène asikanyage kwenye ndoa yako, kwa sababu alifunga breki vibaya, kamio likaanguka, ukavunjika muguu. Leki, breki zilikuwa nzima. Asubuhi ile nilivuta bangi nyuma ya depo ya mizigo, nikachelewa kuiona kona. Bantu balisema ni breki, nikaacha baseme. Eugène alizikagua siku ile ile, akajua, akanyamaza kwa kumuhurumia mama yetu. Garaji yake ilikufa. Leo anaziba matairi ya baiskeli. Sijavuta tena tangu siku ile, lakini hilo halikurudishii muguu.

Jana nilikwenda kumuomba musamaha. Alisema nianzie kwako.

Uliniwekea kiti cha marehemu baba kwenye ndoa. Mupe Eugène. Ndagala nitaleta mwenyewe, na kama hutaki kuniona, nitaiacha mulangoni.

Mama anakukumbatia. Musalimie Merveille.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mukubwa,
Casimir