Neno nililolikata daftarini

Jumanne jioni

Neno "amerudia" siliandiki tena. Tumewaandikia hivyo wanaume wote wanaorudi kliniki na usaha ukeni mwa njia ya mkojo, kana kwamba wametoka tena nje ya ndoa.

Leo kijana mmoja kutoka kijiji cha Akheri amerudi na usaha mara ya tatu. Kisonono hakikuonekana kwenye hadubini. Mkewe alikuja na mzigo wake, tayari kwenda kwao.

"Nesi, ametoka nje tena, si ndiyo?" akaniuliza.

Daktari akamjibu, "Mama, kuna bakteria ambao hadubini yetu haiwaoni, na dawa ya kisonono tuliyompa haiwaui. Wenye shida hii ni wengi kuliko tunavyojua." Akawapa wote wawili dawa nyingine.

Nikalikata neno lile mbele ya mkewe. "Basi nikaufungue mzigo," akasema.

Marehemu mume wangu Elia, usaha ulipomrudia, alinionyesha pakiti tupu ya vidonge alivyomaliza, akaapa hajatoka tena. Nilimzika bila kumwamini. Leo namwamini.