Nimemsingizia Shemeji kwa Pawasaplai Niliyoiunguza Mwenyewe

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijaumbuka zaidi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mke wangu ana kompyuta sebuleni anayochapia kadi za harusi, basi ikazima ghafla, akamwita mdogo wake, fundi tunayemwita Bisibisi, ambaye shule aliiacha njiani lakini mikono yake inasifiwa mtaa mzima, akasema pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, imekufa, akatuletea mpya, ila mita yake ya kupimia alikuwa ameiacha kibandani kwake, akaniambia, “Shemeji, usiifunge kwanza. Kesho nakuja tuiwashe ikiwa peke yake nje ya kompyuta, niipime, ndiyo tuifunge.” Mbele ya mke wangu! Nikamjibu, “Volti nazifundisha tangu hujaota ndevu.”

Alipotoka tu nikaifunga, nikawasha, ikalia paa, moshi ukajaa sebule, mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi, nami nikasikia mdomo wangu unasema, “Mdogo wako katuletea kimeo.” Mshauri, aliporudi jikoni nikaona nyuma ya kile kisanduku kuna kiswichi chekundu kimewekwa volti mia na kumi na tano, na umeme wetu ni mia mbili na thelathini, nikakisukuma taratibu hadi kwenye mia mbili na thelathini, kana kwamba kilikuwa hapo tangu mwanzo.

Sasa mke wangu amempigia mdogo wake kwamba asikanyage kwetu, amewaonya wateja wa kijana, mama mkwe naye amemnunia mwanawe, na Bisibisi hakujitetea, alisema tu, “Sawa, dada. Labda nilikosea.” Kadi mke wangu anaziandika kwa mkono, juzi kakosea jina la bibi harusi, mama wa bibi harusi kaja kufoka mlangoni. Nikikiri, mke wangu ataniona mtu wa namna gani? Na wanafunzi wakisikia?

Mwalimu Mwenye Moshi

*

Mwalimu,

Pole kwa moshi, na pole yangu inaishia hapo. Kuunguza kifaa ni bahati mbaya. Kusukuma kile kiswichi kimyakimya ni kuficha ushahidi, na hilo ulilifanya ukiwa na akili zako timamu.

Fundi hodari ndiye anayepima zaidi, kwa sababu ameshaona vingi vikilipuka. Kile kisanduku kingelipukia mezani kikiwa peke yake, mngekipoteza hicho tu, mkacheka. Wewe uliona aibu kumsubiri mtu asiye na cheti.

Unauliza mkeo atakuonaje, na wanafunzi je. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta pale unapouliza kijana wa watu atakula nini wateja wakimkimbia. Sijapaona.

Leo, kabla mkeo hajaharibu kadi nyingine, mwambie, “Niliiunguza mimi, nikamsingizia mdogo wako.” Usianze na historia ya umeme. Atawaka, kaa hapohapo, usikimbilie kusahihisha madaftari. Kisha mpigie mama mkwe wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Kisha nenda kibandani, umwombe Bisibisi radhi mbele ya wateja waliobaki, kwa sauti ileile unayotumia darasani, hata kama mmoja wao ni mwanafunzi wako.

Akikubali kuja kuitazama kompyuta, mpishe. Wewe shika tochi, na umulike pale atakapokuambia.