Kivuli cha Mpiga Picha

Tinde, Jumatatu

Maduhu wangu,

Huku hatujambo, mvua imeanza. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu siku hizi ukitumiwa ujumbe wa simu unasema hukuuona.

Picha ya kadi yetu ya harusi nimeanza kuichora kwenye tableti, nikifuata ile picha yako uliyonitumia kutoka Katoro. Unajua nilivyo mdadisi: kabla ya kupaka rangi huwa naikuza picha nione mwanga unatoka wapi. Udongo wa huko ni mwekundu kuliko nilivyodhani. Shati lako ni jipya, sijui nani alilichagua.

Ulisema aliyekupiga picha ni Adam, mwenzako wa machimboni. Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo kivuli chake kimelala mpaka miguuni pako. Nimekikuza mara tatu. Adam amevaa gauni, na begani kwake kinachungulia kichwa cha mtoto.

Ng'ombe wa mahari wako zizini kwa baba, na watu wanaulizia kadi. Kivuli sikukifuta, nimekichora kama kilivyo. Kadi zinakwenda kuchapishwa Ijumaa. Jina la huyo mtoto nitumie mapema, niliandike chini ya yetu.

Mchumba wako mpaka Ijumaa,
Sesilia